Uliza Daktari wa Kuku: Broila wangu wanakufa mchana na wamebakisha siku chache wauzwe

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kitu kimoja tu, joto. Kamulu, Ruai, Utawala, Njiru, Kitengela, mpaka Kasarani. Si ajabu, manake Januari hadi Machi ndio miezi yetu ya jua kali hapa Nairobi na mwenye broila wa wiki nne tano ndani ya nyumba ya mabati ndio huumia kuliko wote. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu sana na naomba msome yote hata kama kuku wenu leo wako sawa, sababu sehemu kubwa ya jibu inahusu wiki ya kwanza ya kifaranga, na hio ndio wiki wengi hatuikumbuki kabisa tukiongea mambo ya joto.

SWALI: Dakta habari yako. Mimi ni mama, nafuga broila huku Kamulu, nilikuwa na 300 kwa nyumba ya futi 15 kwa 18. Wiki iliyopita wakiwa na siku 33 jua liliwaka vibaya, nikatoka kwenda kununua finisha, kile chakula cha wiki za mwisho, kurudi saa tisa na nusu hivi nikapata 14 wamekufa na wengine wamefungua midomo wanatweta, mabawa wameyaachilia chini. Kesho yake tena 9. Walikuwa wazuri kabisa, wamekula asubuhi yote, na wale wakubwa wakubwa ndio wameenda. Nina feni moja lakini stima hupotea. Jirani anasema ni kideri niwape dawa haraka. Na vifaranga wengine nimeshalipia, wanaingia baada ya wiki mbili. Nifanye nini jameni? – Mama wa Kamulu

JIBU: Pole sana mama. Kupoteza kuku 23 wa siku 33, wakati umeshawalisha karibu kila kitu watakachokula maishani, ni hasara inayouma na najua hio pesa ilikuwa na kazi yake.

Nianze na jirani. Kideri, ule ugonjwa wa virusi unaoitwa pia Newcastle, hakichagui saa na hakichagui wakubwa. Kideri kingekuonyesha kuku wanakohoa, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, na wangekufa usiku na asubuhi pia. Wako wamekufa alasiri jua likiwa kali, wazito ndio wametangulia, na walikuwa wamekula vizuri. Hio ni joto. Ukitaka kuhakikisha, akifa mwingine (Mungu apishe mbali) mpasue hapo hapo: mara nyingi utakuta kile kifuko cha chakula cha shingoni bado kina finisha na nyama ya kidari imepauka kama iliyopitishwa maji moto. Lakini ukiona hata dalili moja ya zile za kideri peleka mzoga kwa daktari wa mifugo aliye karibu, usibahatishe na dawa za kuambiwa.

Sasa, kwa nini wamekufa walioshiba? Hapo ndipo penye jibu lote. Kuku hatoki jasho. Mwili wake kwa kawaida una joto la nyuzi 41 hivi, na njia zake za kupoa ni mbili tu, kuachia joto litokee kwa ngozi, upanga (kile kishungi chekundu cha kichwani) na miguu, na kutweta. Hewa ya ndani ikipanda sana ile njia ya kwanza inafungika anabaki na kutweta peke yake, na kutweta nako ni kazi ya misuli, kunaongeza joto lingine. Alafu juu ya hayo yote weka chakula. Kusaga chakula kunazalisha joto ndani ya mwili, na hilo joto halitoki saa ile anakula, linapanda masaa kadhaa baadaye. Kuku aliyejaza tumbo saa tano asubuhi, joto lake la tumbo linafika juu saa nane saa tisa, saa ile ile mabati yako yamewaka. Joto la nje na la ndani yanakutana kwa mwili mmoja, na mwenye kilo mbili ana nyama nyingi ya kutoa joto na ngozi kidogo ya kulipunguza, kwa hio ndio anaanguka wa kwanza.

Na broila wa siku hizi si yule wa zamani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada walifuga pamoja mbegu ya mwaka 1957 na ya 2005, wakawalisha chakula kile kile kwa siku 56. Yule wa 1957 alifika gramu 905. Yule wa 2005 alipita kilo 4. Mnyama anayejenga mwili kwa kasi hio anawaka ndani mchana na usiku, ndio maana jogoo wa kienyeji anatembea juani saa nane na broila wako anakufa akiwa kivulini.

Kwa hawa waliobaki fanya hivi kuanzia kesho asubuhi. Wawashie taa saa kumi alfajiri, hewa bado ina baridi, wape chakula wale washibe. Ikifika saa nne asubuhi ondoa vyombo vyote vya chakula, vitoe ama uvipandishe juu wasivifikie. Maji yabaki, tena uyaongeze. Usingoje waanze kutweta ndio uondoe, hapo umechelewa, chakula kishaingia na kitafanya kazi yake upende usipende. Rudisha saa kumi na moja jioni jua likilegea, wale mpaka saa nne usiku, kisha uzime taa walale gizani mpaka alfajiri. Wakati wa kurudisha uwe na vyombo vya kutosha, manake watakimbilia wote pamoja, na vikiwa vichache wanakanyagana na kuchanana migongo na wanyonge hawapati kitu. Hawatapunguza kilo sana kama unavyoweza kuogopa. Kuku anayetweta mchana hata ukimwekea chakula hali cha maana, bora ale kwa baridi.

Mchana usiwaache peke yao kwa hii miezi. Pita katikati yao polepole kila baada ya muda, wasimame, ile hewa moto iliyofungika chini ya kifua na maranda itoke, alafu waachie wakae tena. Polepole, usiwakimbize. Na usimwage maji juu ya kuku kama hewa imesimama ndani, unyevu unapanda na kutweta kunakosa kazi. Maji mwagia mabati kwa nje. Kama una nyasi ama majani ya migomba yatandaze juu ya paa, ama upake chokaa nyeupe, hata hivyo peke yake vinapunguza ukali.

Sasa bechi inayokuja, na hapa naomba utulie unisikize.

Uwezo wa broila kustahimili joto la wiki ya tano unaanza kujengwa wiki ya kwanza, na unajengwa kwa chakula. Kuna hatua mbili na hazifanani, moja ni kumshibisha na ya pili ni kumpunguzia, na ukizigeuza umeua kuku.

Siku tatu za kwanza ni za kumshibisha. Kifaranga akifika kwako na katoni amekaa pengine siku nzima na zaidi tangu atoke kwa yai, amepanda gari, amepanda boda, hajaonja maji. Bado ana kiini cha yai ndani ya tumbo kinachomsukuma siku chache, lakini hicho kiini kinatumika vizuri zaidi akianza kula mapema, utumbo wake unafunguka na kukua haraka, na utumbo mzuri ndio mtaji wake wa maisha yote. Kwa hio bruda, pale pa kulelea vifaranga kwa joto, iwe imeshika joto kabla hawajaingia, nyuzi 32 au 33 pale chini anapokaa kifaranga, si juu ukutani. Tandaza karatasi, mwaga stata, chakula cha vifaranga, juu yake waisikie ikilia miguuni waanze kudonoa, maji yawe ya uvuguvugu na karibu. Usiku wa kwanza kabla hujalala shika vifaranga kama ishirini kutoka kila pembe, mmoja mmoja, papasa kifuko cha shingoni kwa ncha ya kidole. Kikiwa kimejaa na laini kama uji, ako sawa. Kikiwa kigumu, amekula hajapata maji. Kikiwa tupu, hajakula kabisa na unafaa ujue kwa nini, mara nyingi ni baridi. Weka nyayo zake kwa shavu lako, ukisikia baridi basi hata chakula hatakifuata, atajikunyata tu na wenzake. Kufikia masaa 24 kati ya hao ishirini kumi na tisa wawe wamejaa. Hio ndio alama yangu na sishuki hapo.

Siku ya nne, ya tano na ya sita ndio unapunguza. Watu wengi hawajawahi kusikia hii na wakisikia wanashtuka. Kule Malaysia, ambako joto ni la mwaka mzima, Profesa Idrus Zulkifli na wenzake wa Universiti Putra Malaysia walipunguzia vifaranga wa broila chakula siku hizo hizo tatu, 4, 5 na 6, kisha wakawarudishia chakula cha kawaida. Walipofika wiki ya tano na kuendelea wakawekwa kwenye joto kali. Wale waliopitishwa njaa kidogo utotoni walistahimili vizuri kuliko wenzao walioshiba moja kwa moja, matokeo wakayachapisha mwaka 2000. Maelezo yake ni kwamba ule msukosuko mdogo wa mapema unauzoesha mwili kutengeneza protini maalum za kulinda seli wakati wa shida, na siku ya joto ikifika mwili unazitoa haraka na kwa wingi.

Vile utafanya kwa 300 wako: siku ya tatu pima kile wamekula kutoka asubuhi hadi asubuhi. Tuseme wamemaliza kilo nne. Siku ya nne wape sehemu sita kati ya kumi, yaani kilo mbili na gramu 400. Siku ya tano na ya sita uongeze kama robo kilo kila siku kwa sababu wanakua. Gawanya mara mbili, nusu asubuhi nusu alasiri, na utandaze vyombo vingi viwe virefu ili wote 300 waweze kula kwa wakati mmoja. Hili la vyombo ndio linaharibia watu. Kifaranga mdogo akisukumwa nje siku tatu mfululizo hutampata tena, utakuwa na kuku wa kilo mbili na kuku wa gramu 800 kwa nyumba moja. Maji hayapungui hata tone. Siku ya saba asubuhi rudisha chakula chote kama kawaida.

Baada ya hapo wiki ya pili na ya tatu wale bila kizuizi, wanafidia. Ukifika siku ya 21 hivi na jua bado ni kali, ndio unaanza ile ratiba ya saa nne mpaka saa kumi na moja niliyokuambia juu, ianze kabla hawajawa wazito, wazoee saa zao.

La mwisho kwako mama, nyumba ya futi 15 kwa 18 ni futi za mraba 270, na uliweka 300. Hio ni chini ya futi moja kwa kuku, msimu wa baridi ungeponea lakini Februari hapana. Kama muuzaji atakubali, chukua vifaranga 220 kwa hii bechi, ama uwagawe nyumba mbili wakifika wiki ya tatu. Na toa ukuta wa mabati upande mmoja hapo juu uweke waya, hewa moto ipate pa kutokea. Feni haitafanya kitu kama hewa haina mlango.

SWALI: Dakta mambo. Mimi ni kijana nafuga Utawala, nauza kwa hoteli. Kuna mafunzo nilienda wakatuambia tupunguzie vifaranga chakula wiki ya kwanza ati itawasaidia na joto. Mimi naona hio ni kuwadumaza tu, si kila siku tunaambiwa wiki ya kwanza ndio ya kukimbiza uzito? Nani anasema ukweli? – Mfugaji kijana, Utawala

JIBU: Ndugu yangu, swali lako ni zuri na wote wawili wanasema ukweli, inategemea unauza lini na unafuga wapi.

Ni kweli kifaranga aliyepunguziwa siku ya nne hadi ya sita atakuwa mwepesi siku ya saba. Kipimo cha kawaida ni afike mara nne au zaidi ya uzito alioingia nao, yaani wa gramu 40 awe na 160 kwenda juu, na wako hatafika. Lakini akirudishiwa chakula anakimbia kufidia, na akipewa muda anawafikia wenzake. Neno ni muda. Kama hoteli zako zinataka kuku mdogo wa siku 28 usifanye hii kitu, hatakuwa amemaliza kufidia na utauza gramu pungufu kila wiki. Kama unauza siku 35 kwenda 42 unayo nafasi. Na huhitaji kufanya mwaka mzima. Vifaranga wanaoingia Desemba mwisho, Januari na Februari ndio watakutana na jua wakiwa wazito, hao ndio wa kufanyia. Wa Juni waache washibe, Julai Nairobi ni baridi, shida yako itakuwa kuwapasha.

Kuna faida nyingine ambayo pengine kwa mafunzo hawakuitaja na kwetu hapa ni kubwa. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na sehemu zingine zaidi, hewa ina oksijeni kidogo kuliko Mombasa. Broila anayekimbia sana kukua wiki za mwanzo moyo na mapafu yake havimwezi, damu inashindwa kuzunguka vizuri, maji yanajaa tumboni. Umewahi kuona kuku mnene ana tumbo limevimba kama puto, upanga umekuwa wa samawati, ukimpasua maji ya manjano yanamwagika? Ndio huyo. Kuna na yule anaruka mara moja anaanguka chali amekufa, hana alama yoyote. Kupunguza kasi ya ukuaji kidogo mwanzoni kunapunguza hao wote wawili. Kwa hio hata mwaka ambao jua halikuwa kali, mfugaji wa huku juu anaweza kupata kitu.

Usijaribu kama vifaranga wameingia wanyonge, kama wengi wana kitovu kibaya, kama siku ya kwanza ulipapasa ukakuta vifuko tupu, ama kama chanjo imeangukia siku hizo hizo. Hapo wape washibe na usahau mambo ya kupunguza mpaka bechi nyingine. Na ukitaka kujithibitishia mwenyewe, weka kizuizi katikati ya bruda, nusu uwapunguzie nusu usiwapunguzie, pima kila wiki kwa mizani uandike. Daftari lako litakujibu vizuri kuliko mimi na kuliko hao wa mafunzo.

SWALI: Daktari shikamoo. Kuku wangu wakati wa joto wanakunywa maji kidogo badala ya mengi, si ajabu hio? Tangi langu ni lile jeusi liko juu ya paa. Pia shemeji yangu alinishauri niwatilie magadi kwa maji ati yanatoa joto, wengine wanasema pilipili, wengine alovera. Nimechanganyikiwa. – Dada wa Ruai

JIBU: Marahaba dadangu. Weka mkono kwa yale maji saa nane mchana, yale yanayotoka kwa mfereji wa hilo tangi jeusi. Wewe mwenyewe ungeyaoga. Kuku hapendi maji ya moto, yakiwa moto anaonja anaacha, na asipokunywa hawezi kutweta vizuri, anakauka na kufa. Kuku wa wiki tano 100 kwa siku ya kawaida wanamaliza kama lita 30, siku ya jua kali wanaweza kwenda karibu maradufu, kwa hio ukiona wanakunywa pungufu siku ya joto angalia maji kwanza. Funika tangi na magunia yaliyoloweshwa ama ulijengee kivuli. Mfereji uliolala juani uufukie chini ya udongo. Na saa sita mchana mwaga yote yaliyo kwa vyombo uweke mapya, rudia saa nane, rudia saa kumi. Ni kazi lakini ndio inaokoa kuliko dawa yoyote ya dukani. Kama unaweza kugandisha chupa za maji usiku, tumbukiza moja kwa kila ndoo mchana.

Magadi hapana. Najua shemeji amekusudia mema, na wazo lake halijatoka hewani, kuku akitweta sana anapoteza hewa ya kaboni, damu inabadilika inaegemea upande wa alkali kama maji ya sabuni, na chumvi za mwili kama potasiamu zinatoka na mkojo. Ndio maana wataalamu hutumia bikaboneti ya sodiamu, ile safi, pamoja na kloridi ya potasiamu. Lakini haya magadi yetu ya kupikia githeri yanayotoka Ziwa Magadi yana floraidi nyingi, na huwezi kujua kipimo. Beking pauda nayo ni kitu kingine tofauti, ina asidi ndani. Nenda kwa agroveti ununue elektrolaiti za kuku, yaani hizo chumvi za mwili, zilizofungwa vizuri, fuata kipimo kilichoandikwa kwa pakiti, uwape kuanzia asubuhi kabla joto halijapanda, siku zile za jua kali tu. Usiwape wiki nzima nzima mpaka wanaharisha maranda yakaloa. Vitamini C inasaidia pia, kuku hujitengenezea mwenyewe lakini kwa joto anayotengeneza haimtoshi. Itie kwa maji ya asubuhi, inaharibika haraka ikikaa juani.

Pilipili na alovera watu wengi wanatumia, siwezi kukukataza, ila usiweke kitu kichungu kwa maji siku ambayo unamwomba kuku anywe mengi.

Kitu kingine sababu najua kinafanyika sana huko: usichanganye finisha na pumba ya mahindi ili gunia lidumu. Chakula chenye makapi mengi kinamsumbua kuku kusaga na kinampa joto zaidi kuliko finisha yenyewe. Kama ni kubadilisha chakula kwa joto basi kinaenda upande ule mwingine, mafuta kidogo zaidi, protini isiyo ya ziada lakini yenye lisini na methionini (viungo vinavyojenga protini) ya kutosha, na hio umwachie anayetengeneza chakula.

SWALI: Nimesikia Waisraeli wanawazoesha vifaranga joto kali wakiwa wadogo ndio baadaye wasife. Naweza kuongeza jiko la pili kwa bruda siku moja nijaribu? – Mzee wa Njiru

JIBU: Mzee wangu, umesikia kweli. Watafiti wa Israeli, Shlomo Yahav akiwa mmoja wao, waliweka vifaranga wa siku tatu hadi tano kwenye nyuzi 36 hivi au zaidi kidogo kwa masaa 24, wakarudisha kawaida, na wakifika umri wa kuuzwa miili yao ilipambana na joto vizuri zaidi. Lakini wale walifanya kwa chumba ambacho joto linashikiliwa na mashine, halipandi halishuki. Wewe na jiko la makaa huwezi kushikilia nyuzi 36, utaenda 40 kwa kona moja na 30 kwa nyingine, na ukifunga madirisha ili joto likae moshi wa makaa usioonekana utawaua wote usiku mmoja, pengine na anayewalinda. Tafadhali usijaribu. Ile ya kupunguza chakula haihitaji mashine, inahitaji mizani na vyombo vya kutosha. Anza na hio.

SWALI: Dakta, kuku wangu kumi wamekufa na joto saa nane, hawakuwa wagonjwa. Kuna mtu wa kibanda cha kukaanga anataka kuninunulia kwa bei ya chini. Nikiwachinja haraka si ni sawa? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Si sawa dada, ama kaka, na usimuuzie. Kuku aliyekufa mwenyewe damu yote imebaki ndani, mwili ulikuwa moto kuliko kawaida hata kabla hajafa, na bakteria wa tumboni wanaingia kwa nyama haraka sana. Kumkata shingo baada ya kufa hakubadilishi kitu. Atakayekula ni mtoto wa mtu ametumwa kununua kipande jioni. Chimba shimo la kina kirefu mbali na kisima, waweke, mwaga chokaa, fukia. Usiwape mbwa na usiwatupe mtoni.

Wale wanaotweta sana lakini bado wako hai ni hadithi nyingine: wahamishe kivulini penye upepo, loweka miguu na upanga kwa maji ya kawaida, si ya barafu, wape maji ya kunywa, usiwape chakula mpaka jioni. Wengi hurudi. Na kama kuna waliofika uzito, ongea na mnunuzi aje alfajiri kesho uwapunguze nyumbani, usiwapakie kwa gari saa sita mchana.